Mazungumzo ya Nyumbani: Joho la Mwalimu



Kila mwaka, shule zinapokaribia kufunga, wazazi wa hapa Bulyaga huulizana neno hili: joho wanalovikwa watoto wetu lina maana gani? Zamani lilikuwa vazi la watu wa Chuo Kikuu tu. Siku hizi twaliona kidato cha nne, na darasa la saba, hata watoto wa chekechea, ambao hawajajua kufunga kamba za viatu, huvikwa joho na kofia ya pembe nne na kupigwa picha. Nalo halipatikani bure. Hukodiwa kwa fedha, na nyuma yake huja keki, na gari la kukodi, na mpiga picha. Mzazi huuza mikungu ya ndizi. Isipotosha, huuza ndama. Yatupasa kujua twanunua kitu gani.

Mwalimu wa elimu ya viumbe, ndiyo bayolojia, humwonyesha mwanafunzi jani, au mfupa, au unyoya wa ndege, kisha humwuliza maswali mawili: Kitu hiki kimetoka wapi? Na kazi yake ni nini? Mwezi huu na tuliulize joho maswali hayo hayo.

Limetoka wapi? Katika Ulaya ya kale, vyuo vikuu vya kwanza vilipoanza karne ya 12 na ya 13, huko Bologna, Paris na Oxford, walimu na wanafunzi wengi walikuwa watu wa kanisa, au walihesabiwa pamoja nao. Vazi lao lilikuwa refu, la kitambaa kizito, kwa kuwa walikaa muda mrefu katika nyumba za mawe zenye baridi. Sisi wa Tukuyu, tunaoujua mwezi wa sita na ukungu ushukao kutoka Mlima Rungwe, hatuna haja ya kuelezwa jambo hilo mara mbili. Kile kitambaa cha rangi kinachoning'inia mgongoni mwa mhitimu kilikuwa kifuniko cha kichwa. Miaka ilipopita watu waliacha kukivaa kichwani, kikabaki nyuma, na rangi zake zikawa alama ya chuo na ya shahada. Ni kama mabawa ya mbuni: hayamrushi tena, lakini angali anayo, naye huyatumia kwa kazi nyingine.

Mambo ya vazi hili yana kanuni zake. Mwaka 1895 vyuo vya Marekani vilipatana kwamba mwenye shahada ya kwanza avae mikono yenye ncha, mwenye shahada ya pili mikono mirefu iliyofungwa mwishoni, na daktari wa elimu mikono mipana yenye mistari mitatu ya mahameli. Huko Uingereza kila chuo kina rangi zake na mishono yake, hata kuna chama kizima, Burgon Society, kilichoanzishwa mwaka 2000 ili kuchunguza mavazi haya tu. Jina la chama hicho limetokana na kasisi mmoja, John William Burgon, aliyefariki mwaka 1888, ambaye jina lake limepewa mshono mmoja wa kile kitambaa cha mgongoni.

Lakini neno lenyewe, joho, hatukulipata kwa Wazungu. Katika pwani yetu, Unguja, Mombasa na Lamu, joho lilikuwa vazi refu la sufu, lililo wazi mbele, ambalo watu wa cheo walilivaa juu ya kanzu. Vazi la wasomi likapewa jina la vazi la heshima lililokuwa likijulikana tayari. Basi asili yake tumeiona: kwanza lilikinga baridi, kisha likaonyesha cheo. Limebaki swali la pili, la kazi yake leo, nalo ni gumu zaidi. Ili kulijibu nataka niwasimulie habari za mwalimu mmoja wa bayolojia.

Mwalimu huyo ni Julius Kambarage Nyerere. Wengi wetu twamjua kama Rais wa kwanza. Wachache hukumbuka ya kwamba alianza kazi yake darasani. Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa kijana wa miaka 12. Akaendelea Tabora, kisha Makerere kule Uganda, tangu mwaka 1943 hata 1945. Siku zile Makerere haikuwa ikitoa shahada za Chuo Kikuu. Yeye alitoka na diploma ya ualimu. Mwaka 1946 akaanza kufundisha bayolojia na Kiingereza katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ya Mapadre Weupe, ambayo mkuu wake alikuwa Padre Richard Walsh. Akafundisha pale hata mwaka 1949, alipopata nafasi ya kwenda kusoma Edinburgh, Uskoti.

Huko Edinburgh alipata shahada ya M.A. mwaka 1952. Joho la shahada hiyo ni jeusi, na kitambaa chake cha mgongoni ni cheusi chenye bitana ya hariri nyeupe. Chuo kile kina desturi moja ya ajabu: mhitimu huguswa kichwani kwa kofia kuukuu, na watu husimulia ya kwamba kofia hiyo ilishonwa kwa kitambaa cha suruali ya John Knox, mhubiri mkuu wa Waskoti wa karne ya 16. Sisemi ya kwamba masimulizi hayo ni kweli. Nasema tu kwamba hata Waskoti, watu wenye kiasi katika mambo ya fahari, wana kofia yao.

Aliporudi, akafundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1954 chama cha TANU kikaundwa naye akawa kiongozi wake. Mwaka 1955 ikambidi achague, ualimu au siasa, akauacha ualimu. Baadaye alipenda kusema ya kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, lakini siasa ilimpata tu. Hata hivyo jina la Mwalimu halikumwacha hata alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Nguo yake ilikuwa suti ya mshono wa kawaida yenye ukosi mfupi, na fimbo ndogo mkononi.

Naye alipata kulivaa joho kubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza mwezi wa Oktoba 1961 na wanafunzi 14 tu wa sheria, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na Nyerere akawa Mkuu wa Chuo hicho hata kilipogawanyika mwaka 1970. Basi yule aliyefundisha bayolojia Tabora ndiye aliyesimama sasa mbele ya wahitimu kuwapa shahada zao.

Sasa angalieni lililotokea. Mwaka 1966 Serikali iliamuru ya kwamba wanaomaliza Chuo Kikuu na elimu nyingine za juu waingie katika jeshi la kujenga taifa kwa muda wa miaka miwili: kwanza miezi michache kambini, kisha miezi 18 katika kazi zao za kawaida, wakipokea sehemu 40 katika mia za mshahara. Wanafunzi hawakukubali. Tarehe 22 Oktoba 1966 wapata 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana mpaka Ikulu. Nao walivaa majoho yao. Mbao walizobeba zilikuwa na maneno makali, na mmoja wao uliandikwa ya kwamba mambo yalikuwa afadhali wakati wa ukoloni.

Fikirini picha ile. Barabarani Dar es Salaam, katika joto la pwani, vijana waliosomeshwa kwa kodi ya wakulima wa kahawa, wa pamba na wa chai, wamevaa vazi lililoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, ili mtu ye yote asiwadhanie kuwa watu wa kawaida. Siku ile joho lilikuwa ukuta kati yao na wale waliowasomesha.

Nyerere aliwasikiliza, kisha akakasirika sana. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Lakini hakuishia hapo. Wanafunzi walikuwa na neno moja la haki: waliwaona wakubwa wa Serikali wakipokea mishahara minono, wakauliza kwa nini wao tu ndio wapunguziwe. Mwalimu akakiri ya kwamba mishahara ile ni mikubwa mno, na wake ukiwamo. Akaupunguza wa kwake sehemu 20 katika mia, na mishahara ya wakubwa wengine ikapunguzwa pia. Mwaka 1967 wengi wa wanafunzi wale walirudishwa masomoni. Hapo ndipo niuonapo ualimu wake. Mwalimu mbaya humwadhibu mtoto kwa kosa ambalo yeye mwenyewe analo. Yeye alianza kulitengeneza kwake pia.

Mwezi wa Machi mwaka uo huo wa 1967 akatoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akionya ya kwamba shule yaweza kumtenga mtoto na wazazi wake na kumfundisha kuidharau kazi yao. Tena hata kabla ya maandamano yale, mwaka 1964, alikuwa amelitolea Bunge mfano ambao kila nyumba yetu yafaa iujue. Kijiji kimeingiliwa na njaa. Watu wakakusanya chakula chote kilichobaki, wakampa mtu mmoja ale, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wengine chakula. Mtu huyo akila, akaenda zake, asirudi, ni msaliti. Ndivyo alivyo msomi asiyewarudia waliomsomesha.

Basi tumepata jibu la swali letu la pili. Kazi ya joho ni kuwa shuhuda wa deni. Mtu akilivaa awaambia watu wote: Mimi nimelishwa na wengi. Anayelivaa na kujua hivyo, limemfaa. Anayelivaa ili awe juu ya mama yake, kwake yeye ni kilemba cha ukoka tu.

Nirudi sasa Bulyaga. Sisemi kwamba watoto wasivikwe joho. Furaha ya mzazi si dhambi, na mtoto aliyemaliza masomo astahili kupongezwa. Lakini nasema maneno matatu kwa wazazi, na moja kwa walimu.

La kwanza: kipimo. Kama fedha ya joho na keki ya mtoto wa chekechea ni sawa na daftari zake za mwaka mzima, nunueni daftari. Mtoto wa miaka sita hatakumbuka joho. Atakumbuka kama alifukuzwa shuleni kwa kukosa ada. Wala mzazi ye yote asione aibu kumwambia mwenzake, Sisi mwaka huu hatukodi. Aibu ni kukopa fedha kwa ajili ya siku moja na kuilipa mwaka mzima.

La pili: mwacheni mtoto aambiwe gharama yake. Wahitimu wetu wanaotoka Mbeya au Dar es Salaam hurudi na vyeti, nasi twawapokea kwa vigelegele. Ni vema jioni ile baba au mama amhesabie, kwa upole na pasipo manung'uniko: ada hii ilitoka katika chai, hii katika maziwa, hii shangazi yako alitoa alipouza kahawa, hii kaka yako alipoacha shule ili wewe uendelee. Asilaumiwe, ajulishwe tu. Asiyelijua deni lake hawezi kulilipa.

La tatu: mpeni njia ya kulipa. Deni hili halilipwi kwa fedha peke yake. Kijana aliyesoma kilimo na atembelee mashamba ya jirani. Aliyesoma uuguzi na awafundishe akina mama kuchemsha maji na kuangalia homa ya mtoto. Aliyesoma ualimu na akae na watoto wa mtaa jioni moja ya juma. Asiyepata kazi bado, naye anayo elimu. Asikae ndani kwa haya, kana kwamba joho limempa ahadi isiyotimizwa.

Nanyi walimu wenzangu, neno lenu ni hili: msiwavike watoto vazi ambalo hamjawaeleza. Chukueni nusu saa kabla ya mahafali. Waulizeni: Vazi hili limetoka wapi? Kazi yake ni nini? Ni nani waliokula kidogo ili ninyi mpate kulivaa? Kila mtoto aandike majina ya watu watatu, asome nyumbani mbele yao.

Iko desturi moja nzuri iliyoanza siku hizi, nami naipenda kuliko hotuba zote za mahafali. Mhitimu akishapigwa picha, hulivua joho lake, akamvika mama yake, na kofia akamwekea baba yake kichwani. Watu hucheka, mama huona haya, mikono ya joho humfunika hata vidole vilivyopasuka kwa jembe. Wazazi, msikatae mkivikwa. Simameni wima mpigwe picha. Hapo joho liko mahali pake.

Salaam kwenu nyote wa nyumbani.

Katekista wenu, Bulyaga