Mwaliko wa Georgia: aende au abaki?

Mzazi aliyekulia Morogoro anajua kandanda, anajua netiboli, na kama ni mama aliyecheza mtaani basi anajua rede. Besiboli haijui. Ndiyo maana familia za Kitanzania zilizohamia Marekani, zikipata mtoto anayeupenda mchezo huo, humwachia kocha karibu kila uamuzi: glavu ipi inunuliwe, kijana acheze timu gani, asafiri lini. Mambo huenda vizuri mpaka siku gharama za safari zinapofika mezani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Columbus, jimbo la Ohio. Baba anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, mama anahudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Mtoto wao wa pili ana miaka 16, anamaliza darasa la 10, na ni mrushaji, yaani yule anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mwenye gongo. Mwezi Mei kocha wa timu yake ya kiangazi alileta habari kwamba kijana amechaguliwa kwenda Emerson, Georgia, kaskazini ya Atlanta, kwenye mashindano ya siku nne mwezi Julai ambako makocha wa vyuo na maskauti huja kutazama vipaji. Nafasi inashikwa kwa dola 100 zisizorudishwa. Mama alilipa jioni hiyohiyo.

Mahesabu yalifuata baadaye. Mchango wa timu dola 350. Hoteli usiku nne, tena si hoteli yoyote: mashindano mengi ya aina hii huzitaka timu zilale katika hoteli zilizopatana na waandaaji, kwa hiyo habari ya kulala kwa binamu aliyeko Atlanta haikuwepo. Mafuta ya gari kwa karibu kilomita 880 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kupitia Cincinnati, Lexington, Knoxville na Chattanooga. Chakula. Viingilio, maana hata mzazi hulipa getini ili amwone mwanawe akicheza. Ukijumlisha na zamu tatu ambazo baba angezikosa kazini, safari ilipita dola 2,000. Na miezi hiyohiyo Bibi, mama yake baba, alikuwa Morogoro akisubiri fedha za upasuaji wa mtoto wa jicho.

"Mama watoto, hizi si hela za mpira," baba alisema. "Hizi ni za macho ya mama."

"Na mtoto akikosa chuo kwa sababu yetu, tutamwambia nini?"

Swali hilo la mama ndilo linalouza safari nyingi kuliko tangazo lolote. Mzazi mhamiaji huogopa sana kuwa ukuta uliomzuia mwanawe, kwa sababu tu hakuielewa nchi aliyohamia. Hofu hiyo ni ya kweli na hakuna wa kuicheka. Lakini haifai kuachiwa pochi. Wazazi wa Dar es Salaam wanaoombwa nauli na ada ili mtoto akafanye majaribio ya kandanda ng'ambo wanaijua vizuri.

Takwimu za NCAA, chombo kinachosimamia michezo katika vyuo vingi vya Marekani, zinaonyesha kwamba kati ya wachezaji 100 wa besiboli wa sekondari, ni kama saba tu wanaofika kucheza katika vyuo vyake vya madaraja yote matatu. Wanaofika Daraja la Kwanza ni kama wawili. Ufadhili nao si kama unavyosimuliwa kwenye sherehe za Watanzania. Kwa miaka mingi timu ya Daraja la Kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 11.7 tu, ikiugawa vipandevipande kwa wachezaji zaidi ya 20. Kuanzia msimu wa 2025-26, vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya vinaweza kumfadhili kila mchezaji, ila orodha ya timu haipaswi kuzidi wachezaji 34, na kwa kijana anayetafuta pa kuingilia hilo linaubana mlango upande mwingine. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo hata senti moja, lakini hutoa misaada kwa kuangalia alama za darasani na kipato cha familia. Kwa mtoto wa baba wa ghalani, alama ya Kemia inaweza kumlipia ada kubwa kuliko kasi ya mpira wake.

Kasi yenyewe ilikuwa maili 84 kwa saa, kama kilomita 135. Kwa miaka 16 ni nzuri. Si ile inayomfanya kocha wa chuo kikubwa apande ndege.

Baba, ambaye kwa kawaida humwachia mama mazungumzo na kocha, safari hii alipiga simu mwenyewe. Aliuliza mambo matatu: kijana atarusha siku gani, uwanja gani, na vipindi vingapi. Kocha alikuwa mkweli, na anastahili sifa kwa hilo. Timu ina warushaji 11. Mechi za uhakika ni nne, kila moja vipindi saba. Kijana ataahidiwa vipindi viwili, labda vitatu timu ikienda mbele. Siku itajulikana kulekule.

Kwa hiyo ni kilomita 1,760 kwa mipira ipatayo 40.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni namna makocha wa vyuo wanavyotazama mashindano hayo. Mechi huchezwa viwanja vingi kwa wakati mmoja, tangu asubuhi hadi usiku. Kocha wa chuo hazunguki akisubiri kushangazwa. Mara nyingi huja na orodha ya majina mkononi, akaenda kwenye uwanja ambao jina fulani litarusha saa fulani, akasimama nyuma ya nyavu na kipima kasi chake, kisha akahamia kwingine. Wapo wanaogunduliwa kwa bahati, na hao ndio wanaosimuliwa. Wengine wote hutazamwa kwa sababu walishajulikana kabla ya kuwasha gari. Mzazi anayetaka kujua kama safari inalipa aanze hapo: nani anamjua mwanangu, na je, atakuwepo?

Kazi ya kuandika ilikuwa ya kijana mwenyewe, si ya mama. Makocha huona mara moja barua iliyoandikwa na mzazi. Mwanzoni mwa Juni alituma barua pepe kwa vyuo 11, akaweka video fupi, alama zake za shule, ratiba ya timu na namba ya simu ya kocha wake. Vyuo sita vya Daraja la Kwanza vilinyamaza, isipokuwa viwili vilivyotuma fomu ya kujaza na tangazo la kambi. Mama aliona kimya hicho akajua mwanawe amekataliwa.

Hakukataliwa. Tangu 2023 kanuni ya NCAA inawazuia makocha wa besiboli wa Daraja la Kwanza kuwasiliana na mchezaji kwa ajili ya kumsajili kabla ya Agosti 1 ya mwaka anaoanza darasa la 11. Fomu na tangazo la kambi vinaruhusiwa, majibu ya maana hayaruhusiwi. Daraja la Pili huanza Juni 15. Daraja la Tatu na vyuo vya miaka miwili vina uhuru mkubwa zaidi wa kujibu. Mzazi asiyejua tarehe hizi anaweza kulia bure mwezi Juni, au mbaya zaidi, akalipia safari ya Julai ili tu kutafuta jibu ambalo kocha amekatazwa kulitoa.

Waliojibu walikuwa wawili. Kocha wa chuo kimoja cha Daraja la Tatu, mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani, aliandika kwamba hatakwenda Georgia, ila ana kambi ya siku moja kwenye uwanja wao mwezi Agosti. Chuo cha miaka miwili kiliomba video nyingine, yenye warushwaji wanaopiga gongo kweli, si mazoezi ya ndani. Kwa waliojibu, hakuna aliyehitaji Emerson.

Hata hapo mama alikuwa bado anataka waende. Alishasema kanisani, alishamwambia dada yake wa Dallas.

Kilichoamua jambo hakikuwa barua wala mahesabu. Jumapili moja baba alikuwa anamrudisha kijana kutoka mazoezini. Badala ya kumuuliza kama anataka kwenda Georgia, alimwambia, "Mwanangu, ile mia tumeshaisahau. Ukisema hapana, hakuna atakayekasirika. Nami nitalala usingizi."

Kijana alikaa kimya mpaka taa nyekundu ya pili. "Baba, kiwiko kinaniuma. Tangu wiki mbili zilizopita."

"Mbona hukusema?"

"Mama alishalipa."

Mtoto anayejua bei ya kila kitu nyumbani hujifunza kuficha maumivu, na katika mchezo huu maumivu ya kufichwa ni ghali. Utafiti wa taasisi ya ASMI ya Birmingham, Alabama, uliochapishwa 2006, uliona kwamba warushaji vijana waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuishia kwenye upasuaji. Kano ya ndani ya kiwiko ndiyo huumia sana. Upasuaji wa kuitengeneza ulianza 1974, daktari Frank Jobe alipomfanyia mchezaji Tommy John, na jina la mchezaji huyo limebaki kuwa jina la upasuaji. Wengi hurudi uwanjani, lakini baada ya mwaka mzima na zaidi.

Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na Ligi Kuu ya Marekani pamoja na USA Baseball, unataka kijana wa miaka 15 au 16 asizidi mipira 95 kwa siku, akipita 75 apumzike siku nne, na kwa mwaka akae angalau miezi minne bila kurusha kwenye mechi. Kijana huyu alikuwa akirusha tangu Januari: mazoezi ya ndani wakati wa baridi, msimu wa shule, kisha timu ya kiangazi. Kila kocha alihesabu mipira yake. Hakuna aliyejumlisha. Kazi hiyo huwa ya mzazi, hata asiyejua sheria za mchezo. Kinachotakiwa ni daftari na kalamu.

Daktari hakukuta kano iliyochanika. Alikuta uvimbe na mkono uliochoka, akaagiza wiki nane bila kurusha. Kocha wa timu aliambiwa Jumatatu, akampa nafasi mtoto mwingine, akasema ya vuli ipo. Mama alinuna siku mbili, kisha akampigia dada yake wa Dallas mwenyewe.

Timu ilipoondoka Columbus alfajiri, kijana alikuwa kitandani. Saa tatu alikuwa na miadi ya mazoezi ya viungo. Dola 100 zilipotea. Kambi ya Agosti atakwenda kutazama chuo na kuongea na kocha, bila glavu. Fedha za jicho zilishatumwa, na wiki iliyofuata Bibi alipiga simu kushukuru, akaomba apewe mjukuu wake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Nasikia mkono."

"Daktari kasema nisirushe mpaka Septemba."

"Basi usirushe."