Tunaimba Jahazi, Tunamsahau Fundi

Wasomaji wa kurasa hizi wataniwia radhi. Leo sikuja kwa salamu, nimekuja kwa ugomvi, na ninaogombana nao ni sisi wenyewe: watu wa visiwani tunaojigamba kuwa bahari ni mlezi wetu na chombo ni urithi wetu. Aghalabu haupiti mwezi pasi na mmoja wetu kutunga beti za kulililia jahazi. Tanga limetajwa, foromali imetajwa, kusi na kaskazi zimetajwa hadi zimechujuka. Lakini yule aliyelala chali mchangani, mkononi ana pamba na nyundo, akikalafati mbao kabla maji hayajajaa, huyo hana ubeti. Na mwanawe, aliyepinda mgongo juu ya mashine ya boti iliyoliwa na chumvi, huyo hana hata mshororo.

Dai langu ni hili: chombo hakifi kwa uzee, hufa anapokosekana wa kukijua. Na sisi tunaokisifu chombo na kumnyamazia fundi, tunashiriki katika mazishi yake.

Darasa hili sikulipata Malindi wala Mkokotoni. Nimelipata Arusha ninakofundisha, mji ulio chini ya Mlima Meru, usiojua kupwa wala kujaa. Maji ya huku ni mito ya mlimani, ziwa dogo la Duluti pale Tengeru, na maziwa ya Momella ambako watalii hupigishwa makasia. Ukitaja joshi au demani, watakuuliza kama ni majina ya watu.

Miaka michache iliyopita shemeji yangu, mvuvi wa Nungwi, aliharibikiwa na mashine ya boti yake, ile ya kupachikwa nyuma kwenye tezi. Ilikuwa ya nguvu za farasi 40, ya zamani, ya kuchanganyiwa petroli na oili. Asiyezijua mashine hizi na ajue kwamba zina mtihani mmoja mkubwa: hupozwa na bahari ileile inayoziua. Kigurudumu kidogo cha mpira huvuta maji ya chumvi, yakazunguka silinda, kisha yakatemwa nje. Ikikosa kusafishwa kwa maji matamu kila inaporudi pwani, chumvi huganda katika mishipa yake kama mafuta katika mishipa ya mtu mlafi. Na si kila siku mvuvi anayo maji matamu ya kuinywesha mashine, ilhali nyumbani watoto wanayasubiri kwa ndoo.

Shemeji akaenda kwenye duka moja la mjini. Akajibiwa kwa mkato kwamba spea zake hazitoki tena, anunue mpya. Mpya! Bei yake ilizidi pato lake la msimu mzima. Basi akaifumua, akafunga vitu vitatu katika gunia: kabureta, bushi iliyolika, na ile shafti ndefu inayoshuka kutoka kwenye injini kwenda kuizungusha propela. Gunia likavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, likapanda basi, likanifikia Arusha.

Nikalipeleka Unga Limited. Anayeijua Arusha anaijua sehemu hiyo, kwa milio ya nyundo na cheche za wachomeleaji. Huko kuna mafundi wanaozihuisha Land Rover ambazo wenyewe waliozibuni hawakutaraji zingefika leo. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, siku ambazo chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana mwili wake ukafanywa kwa aluminiamu. Mwili huo hauli kutu, lakini chesisi yake ya chuma huliwa. Hivyo fundi wa Arusha huukuta mwili mzima juu ya mifupa iliyooza, naye huikata mifupa hiyo na kuunda mingine. Januari 2016 kiwanda kilisitisha kutengeneza Defender za umbo lile la kale. Huku chini ya Meru hakuna aliyevaa nguo za msiba: magari yaliendelea kupandisha watu na mizigo kama kwamba habari ile haikufika.

Fundi niliyemwendea hakuwahi kuiona mashine ya boti. Aliigeuza kabureta mkononi, akacheka, akasema mama yake na ya pikipiki ni mmoja. Akaiosha kwa petroli, akapuliza vitundu vyake mpaka mwanga ukapita. Bushi akaipima, akaikerezea nyingine kwa shaba. Ilipofika zamu ya shafti, akanyamaza. Aliipaka mafuta mepesi, akayafuta yote kwa kitambaa, kisha akaniomba chaki. Mwalimu hakosi chaki mfukoni. Akaisugulia chuma kile hadi kikawa cheupe, tukangoja. Punde ukajichora mstari mwembamba kama unywele: mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yakirudi nje na kuilowesha chaki.

"Kuchomelea naweza," akasema, "lakini hii siigusi, mwalimu. Land Rover ikikata shafti kule Ngarenanyuki, abiria watashuka watembee. Shemeji yako ikimkatikia huko baharini, atashuka atembee juu ya nini?"

Mtu ambaye hajapata kupanda hata ngalawa aliihofia bahari kwa niaba yetu. Shemeji alikasirika kweli. Miezi miwili alivua katika vyombo vya watu kwa mgawo mdogo, mpaka alipoipata shafti nzima katika mashine mfu iliyokuwa imetupwa pwani. Bushi ya Unga Limited imo ndani ya mashine yake hadi leo.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: mwenzetu anatukuza ukuukuu, na ukuukuu baharini ni kaburi. Nitakumbushwa usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama Spice Islander, meli iliyoundwa mwaka 1967, ikaangamiza mamia ya ndugu zetu waliokuwa wakienda Pemba. Sihitaji kukumbushwa. Ni nani katika sisi asiyemjua mtu aliyezika, au aliyekosa wa kumzika? Lakini meli ile ilijazwa watu kupita kiasi. Na Skagit, iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ilikuwa imeundwa mwaka 1989, ujana kwa umri wa meli. Umri peke yake haukueleza msiba ule wala huu. Kinachoua ni chombo, kikuukuu au kipya, kisicho na mtu mwenye ujuzi na mamlaka ya kusimama mbele yake na kusema: hiki hakiondoki. Yule fundi wa Unga Limited alisema neno hilo juu ya kipande cha chuma cha mvuvi mmoja. Ujuzi wa kutengeneza na ujuzi wa kukataa ni ujuzi mmoja. Ukimpoteza anayejua la kwanza, umempoteza na anayejua la pili.

Nitaambiwa pia kwamba mashine za kuchanganya oili huchafua bahari. Ni kweli, sehemu ya mafuta yao hutoka bila kuungua, na siku zitakapoondoka sitazililia. Ila mpya zitakazokuja nazo zitapozwa kwa maji yaleyale ya chumvi, nazo zitazeeka. Je, tutakuwa na nani wa kuzifungua? Au tutaambiwa tena tununue mpya?

Tazameni mfano ulio katika nchi yetu hii. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa hadi Kigoma na kuungwa upya, ikaingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa injini zake zilezile za mvuke, ikabeba vizazi vya abiria. Majemadari wa vita ile wana vitabu na masanamu. Waliopaka grisi ndio walioipa Afrika Mashariki meli, na ni wangapi kati yetu wanaowakumbuka?

Sisi je, tumepaka grisi gani? Mtepe, chombo chetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi pasi na msumari, ulitoweka baharini karne iliyopita. Mwaka 2003 uliundwa mwingine kwa mfano wake, ukawekwa Beit al-Ajaib, nasi tukaona tumelipa deni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka, likiwa katika matengenezo. Sitaki kumhukumu mtu. Nasema tu kwamba kumbukumbu iliyowekwa ndani ya nyumba haidumu kuliko nyumba, na iliyowekwa katika mikono ya vijana hudumu kadiri wanavyofundishana.

Msidhani bara wamesalimika na kosa hili. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, mamia ya magari yakapangwa foleni, mji ukashangilia. Nami nilishangilia. Lakini magari yalipigwa picha kuliko mikono iliyoyaweka hai. Na huu ndio mji ambao mwaka 1967 ulilipa jina lake Azimio la kujitegemea. Tumelihifadhi neno hilo katika hotuba. Kitendo chake kimebaki Unga Limited, kikipakwa oili hadi viwikoni.

Basi nadai nini? Kwanza, maneno. Mafundi wa vyombo wana lugha nzima: mkuku, taruma, dasturi, shahamu, kalafati. Mafundi wa mashine nao wanaunda yao kila siku, na fasihi yetu imeyafungia mlango kwa kisingizio kuwa bushi na plagi si maneno ya kishairi. Tanga nalo halikuzaliwa la kishairi. Liliingia katika shairi kwa sababu babu zetu walitunga juu ya vitu walivyovishika. Pili, nadai kwamba vyuo vyetu vya ufundi, huko Unguja na huku bara, viwafungulie milango wazee hawa wafundishe, wenye cheti na wasio nacho. Asiyejua kuandika jina la chuma anaweza kuusikia ufa wake.

Na tatu ni deni langu mwenyewe. Shemeji alipoipachika tena mashine yake, alinipigia simu kumshukuru yule fundi, akaniuliza jina lake. Nilinyamaza. Miaka yote ile nilimpelekea gari langu, nikimwita "fundi", naye akiniita "mwalimu", na jina lake sikuwahi kuliuliza. Mimi ninayeandika makala haya nilizijua nahau za jahazi kumi na mbili, na sikulijua jina la mtu mmoja.

Nimekwenda kuliuliza. Sasa nawangoja watunzi wa kurasa hizi: nileteeni shairi lenye bushi ndani yake, lenye mizani na vina vilivyotimia, nami nitalipeleka Unga Limited likasomwe mbele ya wenyewe.