Maradhi ya moyo huanza utotoni



Ndugu Waislamu, hapa kwetu Babati mtoto akinenepa, wazazi husifiwa kuwa wanamlea vyema. Na mtu akipatwa na kiharusi angali na nguvu zake, husemwa kuwa yamemfika ghafla. Leo twapenda kuyaunganisha mambo haya mawili, kwani mara nyingi hilo la pili huwa limeanza katika hilo la kwanza.

Mwaka 1973, katika mji wa Bogalusa nchini Marekani, Dk. Gerald Berenson alianza kuwapima watoto na kuwafuatilia hadi ukubwani. Yakabainika mambo matatu. Kwanza, mtoto aliyewazidi wenzake kwa uzito, shinikizo la damu au mafuta ya damu, aghalabu hubaki hivyo akikua. Pili, mambo hayo huandamana. Mafuta yakizidi tumboni, mwili hauitikii vyema insulini, ambayo ndiyo homoni inayodhibiti sukari. Kisha sukari, mafuta ya damu na shinikizo hupanda pamoja. Tatu, mishipa ya vijana waliofariki, wengi wao kwa ajali, ilionekana kuharibika zaidi kadiri mambo hayo yalivyokusanyika kwao.

Atasema msemaji: hayo ni ya Wamarekani, sisi hata kushiba ni tabu. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la damu, na karibu mmoja kati ya 11 ana kisukari. Wala ufukara si kinga. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, kisha akanenepa haraka, yumo hatarini zaidi.

Mwingine atasema ni kadari. Nasi twaiamini kadari, lakini Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mola wake.

Basi tumfungeje ngamia huyu? Tuanze na vinywaji. Chupa moja ya soda huweza kubeba vijiko tisa vya sukari, nasi twawagawia watoto katika kila harusi na kila maulidi. Mbaazi za Babati zinasafirishwa hadi India, ilhali mtoto wetu anapewa fedha ya chipsi. Makande, mbaazi, mboga na maziwa havijapungua heshima.

Kisha ni mwendo. Shirika la Afya Duniani lahimiza mtoto achangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mtoto wetu huketi darasani asubuhi, huketi madrasa jioni, na usiku huketi mbele ya televisheni. Walimu wenzetu wa madrasa, kumwacha mtoto akimbie kabla ya darasa si upuuzi, bali ni sehemu ya malezi.

Na mzazi mwenye kisukari au shinikizo la damu asijitibu peke yake. Awapeleke na wanawe wakapimwe, kwani nyumba moja hula chungu kimoja.

Watoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Tusingoje kuulizwa wakati mishipa imekwisha kuziba.