Mgonjwa Atembee Wapi?

Katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu hakuna ushauri unaotolewa kwa wepesi kama huu: "Utembee nusu saa kila siku." Ushauri wenyewe ni sahihi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Nasi tunayahitaji: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu.

Tumchukulie mama wa miaka sitini, mkazi wa Chemchem hapa Tabora, ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi kwa kisukari. Akitoka mlangoni anakuta mchanga, mfereji usiofunikwa, pikipiki zinazopita ubavuni mwake, na jua kali la mwezi wa Oktoba. Kidonda kidogo asichokihisi chaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Akiamua kubaki nyumbani, tunaandika kwenye faili lake kwamba hafuati maelekezo. Naona tunamwonea.

Ajabu ni kwamba Tabora ni mji uliojengwa na waenda kwa miguu. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, njia za misafara kutoka pwani zilikutana hapa Unyanyembe, kisha zikagawanyika kuelekea Ujiji na Ziwa Viktoria. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya takribani kilo thelathini, na miembe ilipandwa njiani. Sitaki kuipamba historia hiyo, kwani katika njia hiyohiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo. Hata hivyo, mji ulioachwa na misafara ulikuwa wa mchanganyiko: Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu, Wahindi na Waswahili wa pwani, wote wakifikiana kwa miguu.

Mchanganyiko wa namna hiyo haukupendwa na wakoloni, na hapa sisi watu wa tiba tuna deni. Hoja ya kutenganisha makazi kwa rangi ilivikwa mara nyingi joho la afya: eti eneo la wazi lingewakinga Wazungu na malaria itokayo kwa Waafrika. Dar es Salaam iligawanywa kwa kanda, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Madaktari walishiriki kuitetea mipango ya namna hiyo. Basi ni haki leo watabibu wapaze sauti kwa ajili ya mtaa wa aina nyingine.

Mtaa ninaouona baada ya miaka thelathini si wa kifahari. Ni ule ambao mwenye nyumba, mpangaji wa chumba kimoja, fundi cherehani na mwalimu mstaafu wanaishi jirani. Duka, shule na zahanati vikiwa karibu kiasi cha kufikiwa na bibi mwenye mkongojo. Sehemu kubwa ya mtaa huo tunayo tayari katika kata zetu za kale. Tunaipoteza kila tunapogawa viwanja vipana pembezoni, mahali ambapo hata chumvi hununuliwa kwa nauli ya bodaboda. Kinachokosekana ni njia ya miguu iliyo sawa, mifereji iliyofunikwa, na miti. Mwembe hauna haraka, kwa hiyo upandwe sasa.

Nitaambiwa kwamba fedha hazitoshi hata kwa dawa. Najua. Lakini matuta, vivuko na vipande vifupi vya njia za miguu vilivyojengwa karibu na shule za Dar es Salaam na shirika la Amend vilipunguza majeraha ya watoto barabarani, na mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji. Aidha, Azimio la Stockholm la mwaka 2020 linataka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale magari yanapochangamana na watu. Makazini kwetu sheria inaruhusu 50. Kuteremsha kiwango hicho hakuhitaji saruji nyingi. Kunahitaji uamuzi, na askari wa kuusimamia.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kabla mpango haujapitishwa. Katika vikao hivyo aghalabu huzungumzwa viwanja na mipaka. Ningependa muuguzi wa kliniki ya kisukari awepo, pamoja na wagonjwa wake wawili watatu. Wamwambie mpimaji ardhi ni baada ya hatua ngapi mtu mwenye moyo dhaifu huhitaji kuketi, ili mabenchi yachorwe kwenye ramani pamoja na barabara.