Simu ikikwapuliwa, mwizi anaanza na laini

Saa moja jioni, foleni ya Ubungo. Abiria wa daladala kakaa dirishani, simu mkononi, anajibu meseji. Bodaboda inapita ubavuni, mkono unaingia, simu imeondoka. Abiria wanapiga kelele, konda anasikitika, gari linasogea mita kumi na kusimama tena. Kishandu ameshapotelea upande wa Manzese.

Kinachofuata kinajulikana. Mwenye simu anaazima ya jirani na kujipigia. Inaita. Inaita tena. Mara ya tatu haipatikani. Hapo wengi hukata tamaa, wanarudi nyumbani wakijisemea kwamba kesho watashughulikia.

Kesho ndiyo inayoumiza. Simu ya laki tatu au hata ya milioni ni hasara inayohesabika. Laini iliyomo ndani yake ni pochi, ni kitambulisho, ni sauti ya mwenyewe mbele ya ndugu na wateja. Kwa mama lishe anayepokea malipo kwa simu, au mweka hazina wa kikoba mwenye watu arobaini kwenye kundi la WhatsApp, usiku mmoja wa laini kuwa mikononi mwa mwizi unaweza kugharimu kuliko simu yenyewe.

Kitochi kinatosha

Watu wengi wanaamini patani au alama ya kidole imemaliza kazi. Haijamaliza. Loki ya skrini inalinda simu, hailindi laini. Mwizi mzoefu anachomoa laini na kuichomeka kwenye kitochi cha elfu ishirini. Kitochi hakiulizi patani wala sura. Kuanzia hapo namba ni yake.

Akiwa na namba, meseji zote za uthibitisho zinaingia kwake. Anaweza kusajili WhatsApp ya mwenye laini kwenye simu nyingine, kwa sababu tarakimu sita za kuthibitisha zinatumwa kwa meseji kwenye laini ileile. Akaunti nyingi za barua pepe na mitandao ya kijamii nazo hubadilishiwa nywila kwa njia hiyo hiyo. Menyu ya pesa kwa simu inafunguka kama kawaida; kilichobaki kati yake na salio ni namba ya siri ya tarakimu nne. Na ukweli usiopendeza ni kwamba namba za siri za watu wengi ni mwaka wa kuzaliwa.

Huo mwaka anaupata wapi? Kwenye simu yenyewe. Ndiyo maana kukwapua kumekuwa na faida kuliko kuchomoa mfukoni. Simu inayokwapuliwa inakuwa inatumika, maana yake iko wazi. Dakika chache zinatosha kufungua picha, na kwenye picha za Watanzania wengi kuna kitambulisho cha NIDA kilichopigwa picha mbele na nyuma ili "kisisumbue". Wengine wameandika hadi namba za siri za benki kwenye meseji walizojitumia wenyewe.

Halafu inakuja ile meseji ambayo kila mtu anaijua: ile hela tuma kwenye namba hii. Ikitoka kwenye namba ngeni watu wanacheka na kuifuta. Ikitoka kwenye namba ya dada yako halisi, usiku, ikisema mtoto yuko hospitali, hela inatumwa.

Kuna kinga ya bure ambayo karibu hakuna anayeiwasha: namba ya siri ya laini, siyo ya simu. Iko kwenye mipangilio ya usalama. Ikiwashwa, laini ikihamishiwa simu nyingine inaidai kwanza. Ukikosea mara tatu, laini inajifunga hadi iingizwe namba ya PUK yenye tarakimu nane. Kwa kitochi cha mwizi, huo ndio mwisho wa safari. (Kabla ya kuiwasha ni vizuri kuijua namba ya awali kutoka kwa mtandao husika, la sivyo mwenye laini atajifungia mwenyewe.)

Simu ya kuazima, lakini ya mtandao uleule

Hatua ya kwanza, basi, ni kuifunga laini, hapo hapo barabarani. Tanzania namba ya huduma kwa wateja ni 100 kwa mitandao yote, na hapo ndipo penye mtego: 100 inakupeleka kwa mtandao wa laini unayopigia. Aliyeibiwa laini ya mtandao mmoja akiazima simu ya mtandao mwingine anajikuta anaongea na watu wasiomjua. Inabidi aulize kwanza: nani hapa ana laini kama yangu? Kuombwa kufungiwa kuguse mambo mawili, laini na akaunti ya pesa, na benki ipigiwe pia kama programu yake ilikuwa kwenye simu.

Kufunga laini kuna gharama yake. Data inakatika, na bila intaneti simu inaweza isionekane tena kwenye ramani ya Google au ya Apple. Wengi husita hapo. Wanatamani kwanza waione iko wapi. Ni kamari mbaya. Mwizi huchomoa laini mapema tu, kwa hiyo data ingekatika vyovyote vile, ila laini inabaki hai mikononi mwake.

Ambaye ana mtu nyumbani mwenye simu janja anaweza kugawa kazi: yeye anapiga 100, mwenzake anafungua android.com/lock. Ukurasa huo wa Google unaruhusu kufunga skrini ukiwa mbali kwa kutumia namba ya simu na swali la usalama, bila kukumbuka nywila. Lakini huduma hiyo lazima iwe imewashwa kabla, na simu iwe na intaneti. Google ilianza kuisambaza mwaka 2024 pamoja na loki inayohisi mtikisiko wa kukwapuliwa na kufunga skrini yenyewe, baada ya kuijaribu kwanza Brazil. Simu nyingi za bei ya chini zinazotumia Android nyepesi ya Go zimeachwa nje, na hizo ndizo zimejaa mitaani kwetu.

Laini mpya inatolewa kwa kidole na namba ya NIDA, na ikishawashwa, ile ya zamani inakufa popote ilipo. Mwenye namba akisajili WhatsApp upya, mwizi anatupwa nje. Kama mwizi alishaweka namba yake ya hatua ya pili, mwenyewe atasubiri hadi siku saba kuingia, lakini mwizi naye hatakuwemo. Wakati huo makundi na ndugu waambiwe kwa njia nyingine kwamba namba haiko salama.

Wanaokwama zaidi ni wale ambao laini siyo yao kisheria. Wakati wa usajili wa alama za vidole ulioanza 2019 na kufikia ukomo Januari 20, 2020, watu wengi hawakuwa na namba ya NIDA. Laini ikasajiliwa kwa kidole cha mke, cha kaka, cha shemeji aliyekuwa amepata kitambulisho. Miaka imepita, shemeji yuko Mbeya, ndoa imevunjika, na laini yenye hela zote za biashara hairudi bila kidole chake. Kupiga *106# kunamwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Kama hiyo anayoitumia kila siku haimo, hilo ni tatizo la kumaliza leo, siyo siku ya kuibiwa.

Ramani inasema Kariakoo, halafu?

Wakati mwingine simu inaonekana. Kidoti kinakaa juu ya jengo la ghorofa Kariakoo na mwenye simu anataka kwenda. Ramani haisemi ni ghorofa ya ngapi wala ni chumba gani, na aliyemo ndani anaweza kuwa mnunuzi wa tatu. Akigonga mlango usio wake na kupiga ukunga wa "mwizi", wanaokuja siyo polisi. Ni wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali, na mtu asiyehusika anaweza kuuawa kwa ajili ya simu. Eneo hilo apewe askari, pamoja na namba ya jalada.

Ijulikane pia kwamba mwizi naye hutafuta. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya Google au Apple haina bei nzuri, kwa hiyo baada ya siku kadhaa laini mpya hupokea ujumbe mtamu: simu yako imepatikana, bonyeza hapa. Kiungo kinafungua ukurasa unaofanana na wa Apple na kuomba nywila. Au anapiga mtu mstaarabu kabisa, anadai ameinunua bila kujua, anaomba tu akaunti itolewe ili "yaishe". Akaunti ikitolewa, thamani ya simu inapanda papo hapo, na mwenyewe hana tena chochote cha kuonyesha.

IMEI inafanya kazi serikali ikitaka

Kila simu ina namba ya IMEI yenye tarakimu 15, inayoonekana kwa kubonyeza *#06# au kwenye boksi. Mtandao ukiamriwa, unaweza kuizuia namba hiyo isiunganishwe na laini yoyote nchini. Hili halina ubishi: usiku wa Juni 16, 2016, TCRA ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia rejista hiyo ya IMEI. Kenya nayo ilitaka, kuanzia Januari 1, 2025, IMEI za simu zinazoingia nchini zitangazwe ili kuhakikisha kodi imelipwa.

Kwa hiyo uwezo upo, kwa simu feki na kwa kodi. Simu ya wizi ndiyo inayochelewa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inamtaka mwenye simu kutoa taarifa inapoibiwa, na kubadilisha IMEI ni kosa. Lakini mzigo wa kuifikisha taarifa uko kwa aliyeibiwa. Anatoka polisi kuchukua ripoti ya upotevu, anakwenda duka la mtandao, anatakiwa awe na IMEI ambayo hakuwahi kuiandika, huku boksi lilitupwa siku ya kwanza. Anayafanya yote hayo bila simu. Siyo ajabu wengi huishia kurudisha laini tu.

Na hata ikizuiwa, kila nchi ina orodha yake. Simu iliyofungwa Tunduma haifungwi yenyewe Nakonde, hatua chache ng'ambo ya mpaka wa Zambia, mpaka pande mbili zikubaliane kubadilishana orodha. Isipovuka mpaka, inaishia kuwa spea: kioo, betri, kamera. Mwaka 2025 polisi wa London walisema wamevunja genge linaloshukiwa kusafirisha hadi simu 40,000 za wizi kutoka Uingereza kwenda China. Kilichowafungulia njia ni mtu mmoja aliyefuatilia iPhone yake hadi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na polisi wakakuta boksi lenye simu nyingine karibu 900.

Brazil imejaribu kupunguza mzunguko huu. Desemba 2023 serikali yake ilizindua programu ya Celular Seguro: aliyeibiwa, au mtu aliyemwamini na kumsajili mapema, anatoa taarifa moja, nayo inafika kwa mamlaka ya mawasiliano, kampuni za simu na benki zilizojiunga. India ilifungua nchi nzima tovuti ya kuzuia IMEI Mei 2023. Tanzania ina vidole vya wenye laini, ina rejista ya IMEI, ina ripoti ya upotevu ya mtandaoni. Kinachokosekana ni kitufe kimoja ambacho mke au rafiki anaweza kukibonyeza kwa niaba ya mtu aliyesimama Ubungo mikono mitupu.

Upande wa pili wa biashara hii ni mnunuzi. Samsung ya laki sita inauzwa laki moja na nusu, haina boksi wala risiti, na muuzaji ana haraka. IMEI ikitumwa kwa meseji kwenda 15090, jibu linaonyesha ni simu ya aina gani. Likitaja modeli tofauti na hiyo iliyo mkononi, imeshachezewa na fundi. Na kama iko sawa lakini ikiwashwa inaomba akaunti ya Google ya mtu mwingine, huyo mtu yuko mahali fulani sasa hivi, ameshika simu ya kuazima, anasubiri 100 ipokelewe.