Taa Ndogo Isemayo Kweli



Siku hizi si haba nyumba zenye gari mlangoni, na mengi ya magari hayo yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Mtu azungushapo ufunguo, huona taa nyingi ndogo zikiwaka mbele yake. Moja katika hizo ina sura ya mtu aliyeketi, na mbele yake pana duara kama mpira. Taa hiyo ndiyo tutakayoizungumza mwezi huu, kwa kuwa mwaka jana ilitutia katika mtihani, nasi twapenda vijana wetu wanufaike kwa yaliyotupata.

Sisi hatukusomea ufundi. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Haya tuyaelezayo tumeyapata kwa kuwauliza mafundi na kukisoma kitabu kilichokuja na gari.

Ndani ya usukani, na katika dashibodi mbele ya abiria, mna mfuko wa kitambaa uliokunjwa, ambao mafundi huuita eabegi. Gari ligongapo kwa nguvu, vipimo vyake hupeleka habari kwenye kompyuta ndogo, nayo hutoa umeme wa kuwasha baruti iliyo nyuma ya mfuko. Baruti huzaa hewa, na mfuko hujaa upesi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Hivyo kichwa na kifua hupokewa na mfuko badala ya kujipiga usukanini.

Kitu kama hicho hakijaribiwi kila siku kama honi, kwani kikilipuka mara moja kimekwisha. Ndiyo maana ikawekwa ile taa. Kila uwashapo gari, kompyuta hupitisha katika nyaya umeme mdogo mno, usioweza kuilipua baruti, ili ijue kama zimeungana sawasawa. Taa huwaka sekunde chache, kisha huzimika. Kuwaka kwake ni kusema, "Napima", kuzimika kwake ni kusema, "Nimepima, sikuona kosa." Ikikataa kuzimika, au ikimetameta, au ikiwaka mwendoni, imeona kosa, na huenda mfuko usifumke siku ya ajali. Isipowaka kabisa, hilo nalo ni kosa, tena la kuogopwa zaidi, kwani mlinzi amekuwa bubu.

Sababu huenda ikawa ndogo: plagi iliyo chini ya kiti imelegea kwa kusogezwa kiti, au betri imedhoofika, au waya ulio nyuma ya usukani umekatika kwa kuzungushwa miaka mingi.

Sasa tusimulie yaliyotupata. Tuliazimu kuliuza gari letu, na mnunuzi alikuwa kijana aliyesoma kwetu, mwenye mke na mtoto mchanga. Fedha hizo tulikwisha zipangia paa la chuo, lililokuwa likivuja. Siku nne kabla ya kijana kuja, taa ile ikawaka isizimike. Tukampelekea fundi. Akasema, "Mwalimu, kulitafuta kosa kutakugharimu, lakini kuizima taa ni kazi ya nusu saa." Akatutajia njia mbili: ama kuunga waya wa taa hiyo na wa taa ya oili, ziwake na kuzimika pamoja, ama kufunga kipande kidogo cha kuzuia umeme mahali pa mfuko, kompyuta idhani mfuko upo. "Hapana atakayejua," akasema.

Twasema kweli: hatukumkatalia. Tulimwambia tutafikiri, tukaondoka.

Asubuhi yake somo letu lilikuwa mlango wa biashara. Tukawafundisha watoto kwamba muuzaji aijuaye aibu ya bidhaa yake hapaswi kuificha. Mtoto mmoja akauliza, "Na kama aibu haionekani, mwalimu?" Tukamjibu, "Hiyo ndiyo ipasayo kusemwa zaidi." Jibu hilo lilitoka kinywani mwetu, likarudi masikioni mwetu, nasi tukaona haya mbele ya watoto wasiojua lolote.

Kijana alipokuja tulimwonyesha taa. Fundi wake akalipima gari kwa mashine: ulikuwa waya wa nyuma ya usukani. Tukapunguza bei kwa kadiri ya matengenezo, na paa la chuo likangoja miezi mitatu. Watoto walisoma wakihamisha mikeka kila iliponyesha.

Basi ninyi mnunuao magari, shikeni haya. Zungusha ufunguo bila ya kuwasha injini. Taa ya mfuko yapasa kuwaka na kuzimika yenyewe, hali taa ya oili ingali inawaka. Zikingojana mpaka injini iwake, ujue huenda zimeungwa. Tena mwambie fundi atoe waya wa betri na angoje dakika kadha kabla ya kugusa mfuko, kwani kompyuta huweka akiba ya umeme.

Wala msidhani taa hujua yote. Yenyewe hupima umeme tu, haipimi uzima wa baruti. Mifuko mingi iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilikuwa na baruti iliyoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikawa yalipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Mamilioni ya magari duniani yaliitwa yabadilishwe mifuko, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Hali hiyo taa haiionyeshi. Pwani yetu ni ya joto na unyevu. Basi mwenye gari la zamani achukue namba ya chesisi, akamwulize wakala wa kampuni iliyolitengeneza.

Mwisho, mfuko hausimami mahali pa mkanda. Mfunge mkanda, na watoto waketi nyuma. Kiti cha mtoto mchanga kielekeacho nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi, kwani nguvu yake yaweza kumwua.

Yule kijana angali analo gari lile. Kila tumwonapo akipita na mwanawe kiti cha nyuma, twamshukuru Mungu kwa swali la mtoto yule.