Nani alipie habari inayomlinda mkulima?

Mkulima wa bustani hapa Lemara akinunua dawa feki ya nyanya, hasara ataiona shambani siku kadhaa baadaye. Wakati huo muuzaji anaendelea kuuza. Gazeti lingeweza kuwaonya wengine mapema, lakini mara nyingi habari hutoka nyanya zikiwa zimeshakauka.

Hali ni hiyo hiyo katika fedha. Mwaka 2009 Serikali ilipoizuia DECI, maelfu ya wananchi walikuwa wameshapanda "mbegu" zao humo wakisubiri kuvuna. Mwaka 2020 mahakama ilimtia hatiani mwenye mradi wa Mr Kuku, aliyekusanya fedha za watu kwa ahadi ya faida ya ufugaji. Swali la kuuliza tangu mwanzo lilikuwa moja: faida hiyo inazalishwa na biashara gani?

Kulijibu swali kama hilo kuna gharama. Kwa habari ya dawa feki, mwandishi anunue sampuli katika maduka kadhaa, alipie vipimo vya maabara, amsikilize msambazaji, kisha wakili aipitie habari kabla haijachapwa. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Habari ya semina hotelini huandikwa kwa saa mbili, na nauli hutolewa na aliyealika. Tusishangae kwamba kurasa za biashara zimejaa semina.

Matangazo nayo hayawezi kuwa tegemeo pekee. Msambazaji wa pembejeo ambaye tangazo lake linalipa mishahara ya chumba cha habari ni vigumu kuchunguzwa na chumba hicho hicho.

Njia nyingine zimewahi kujaribiwa. Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania (TMF), ulioanza mwaka 2008 kwa fedha za wahisani, ulitoa ruzuku kwa habari za uchunguzi na za vijijini, na mwandishi akapewa mshauri wa kumwongoza. Hilo la pili ni muhimu, kwani fedha bila mhariri wa kumsimamia mwandishi huishia kwenye nauli. Lakini wahisani wana vipaumbele vyao, na vikibadilika fedha huondoka.

Ndiyo maana tunakumbuka mwaka 1993, Stan Katabalo alipofichua ugawaji wa kitalu cha uwindaji cha Loliondo, mkoani kwetu. Gazeti lake, Mfanyakazi, lilikuwa la chama cha wafanyakazi. Kama wafanyakazi waliweza kuwa na gazeti, wakulima hawashindwi kuchangia mfuko wa uchunguzi.

Tunashauri kila gazeti litenge sehemu ya mapato ya matangazo kwa kazi hiyo, na AMCOS, SACCOS na vyama vya wafanyabiashara wa masoko kama Kilombero na Tengeru waongeze chochote. Majina ya wachangiaji na kiasi walichotoa yatangazwe. Asiwepo mchangiaji wa kuona habari kabla haijachapwa, na AMCOS iliyochanga nayo ichunguzwe viongozi wake wakituhumiwa kula fedha za wanachama.

Nawe mkulima, tunza risiti na kopo la dawa. Mwandishi akija, ndipo uchunguzi wake utakapoanzia. Ukiona vyaelea, vimeundwa.